Namna ya kutamka majina ya Kijapani ipasavyo katika sherehe ya mikanda

KatibuWaKadutu (Bukavu)

Ndugu zangu, nawasalimu nyote. Mimi ni katibu wa klabu ya karate hapa Kadutu, na katika kila sherehe ya kutoa mikanda ni mimi ninayeshika maikrofoni. Nasoma majina ya watoto wanaopanda daraja, nasoma majina ya wageni, na kabla ya yote hayo nasoma majina ya waasisi ambao picha zao zimetundikwa ukutani, kwa kuwa mwalimu wetu hapendi mtoto afunge mkanda mpya bila kujua ni nani waliomtangulia katika njia hiyo. Kazi hii naipenda, na kwa miaka minne nimeifanya bila kujiuliza swali hata moja.

Mwezi uliopita tulitembelewa na mgeni kutoka Japani, aliyekuwa akipita Bukavu kwa kazi yake, ambaye aliposikia kwamba kuna watoto wanaojifunza karate huku kwetu aliomba kuja kuwatazama. Jina lake la ukoo liliandikwa kwenye karatasi yangu hivi: Inoue. Niliona hiyo "ou", nikaisoma kama nilivyozoea kuisoma tangu shule ya msingi, nikatangaza mbele ya wazazi wote: "Tunamwomba Bwana Inwe asogee mbele." Hakusogea. Nikarudia kwa sauti kubwa zaidi. Yeye aliendelea kupiga makofi pamoja na wengine, huku akigeuka kutazama huyo Bwana Inwe atatokea upande gani. Mara ya tatu mwalimu alikwenda kumgusa bega. Alitabasamu, akainama, akapokea zawadi yake, wala hakusema neno la kunisahihisha.

Tangu siku ile sijatulia, kwa sababu uchungu huu naujua. Majina yetu ya Mashi, lugha ya kwetu, yanayoanza na "Ci" yanasomwa "chi", na hapa Bukavu hata mtoto mdogo analijua hilo. Lakini ukifika mbali na nyumbani, karani anaita "Si" na kuendelea, nawe unabaki umekaa kwenye benchi bila kujua kwamba aliyeitwa ni wewe. Nimemfanyia mgeni jambo ambalo limekuwa likiniumiza mwenyewe tangu nilipokuwa msichana.

Mgeni huyo ameahidi kurudi kwa sherehe ijayo, na safari hii nataka kusoma vizuri jina lake pamoja na majina yote ya ukutani, ambayo ni haya: Funakoshi Gichin, Mabuni Kenwa, Miyagi Chojun, Ohtsuka Hironori, na Kano Jigoro wa judo, ambaye mwalimu anamheshimu vilevile. Je, kuna kanuni ambayo mtu asiyejua Kijapani anaweza kuifuata? Na je, kati ya majina mawili, lipi ni la ukoo na lipi ni la mtu mwenyewe? Naomba wanaojua wanisaidie kwa kirefu, maana watoto hurudia kila ninachosema, na nikikosea mimi, wamekosea wote.

Mkalimani_Katuba (Lubumbashi)

Dada Katibu, pole kwa yaliyokupata, na asante kwa kuuliza. Nilisoma Japani kwa miaka mitatu, na sasa nafanya ukalimani hapa Lubumbashi, kwa hiyo nitakueleza hasa yale niliyojifunza kwa masikio.

Ulimi wako hauna kasoro yoyote. Kilichokuangusha ni Kifaransa. Sisi Wakongomani tukiona jina la kigeni kwenye karatasi, macho yetu hukimbilia kanuni tulizopewa na mwalimu wa Kifaransa, na tunasahau kwamba tunayo lugha nyingine tunayoisoma kila siku, ambayo irabu zake ni tano kama za Kijapani, a, e, i, o, u, na kila moja ina sauti yake isiyogeuka popote inapokaa. Lichukue jina la mgeni wako ulisome kama neno la Kiswahili: i-no-u-e. Ni mapigo manne, kila irabu ikisikika peke yake, kama zinavyosikika katika "kuoa" au "maua". Jina hilo lina maana ya "juu ya kisima": "i" ni kisima, "ue" ni juu, na "no" ni kiungo kati yao. Ndiyo maana "o" na "u" hazishikani, kwa kuwa kila moja ni ya neno lake.

Ulinganifu huu una sababu. Namna ya kuandika Kijapani kwa herufi za Kilatini inayotumika kwenye pasipoti na kwenye vitabu vingi inatokana na kazi ya James Curtis Hepburn, daktari na mmisionari Mmarekani aliyeishi Yokohama, ambaye kamusi yake ilitoka mwaka 1867, na toleo lake la tatu la mwaka 1886 ndilo lililoueneza mfumo huo. Konsonanti aliziandika kwa mazoea ya Kiingereza, na irabu kwa mazoea ya Kiitaliano. Waliosanifu maandishi ya Kiswahili walipita njia iyo hiyo, kwa hiyo "sh" ya Funakoshi ni ile ya shamba, "ch" ya Chojun ni ile ya chakula, na "y" ya Miyagi ni ile ya yai. Anayesoma Kiswahili vizuri amekwisha kufika karibu sana na Kijapani kabla hajafundishwa chochote. Anayesoma Kifaransa vizuri anahitaji kwanza kusahau mambo mengi.

Tuipitie karatasi yako. Katika "Gichin", Kifaransa kitakushawishi kulainisha "g", kuifanya "ch" kuwa "sh", na kuimeza "n" puani, hata jina zima lipotee. Wewe sema "gi" kama katika "giza", "chi" kama katika "chini", kisha ifunge "n" waziwazi. "Miyagi" ina "gi" iyo hiyo. Katika "Hironori" usiiache "h", maana wengi wetu husema "Ironori" bila hata kujisikia, kama tunavyosema "Onda" kwa pikipiki ya Honda. "J" ya Jigoro ni ya "jiko". "U" ya Funakoshi ni ya "kuku", si ile "u" ya Kifaransa inayobana midomo. Ama "f" yake, Wajapani hawaitoi kwa meno kugusa mdomo kama sisi. Wanapuliza hewa kati ya midomo miwili kama mtu anayechochea makaa kwenye mbabula. Ukiisema kwa "f" ya Kiswahili utaeleweka kabisa, lakini ukipuliza utampendeza msikilizaji.

Makosa haya hayako kwenye majina ya watu tu. Naamini katika klabu yenu watoto huambiwa "ajime" badala ya "hajime", yaani "anza", na ile ngumi ya kwanza wanayofundishwa, inayoandikwa oi-zuki, hupigiwa kelele "wa-zuki" kwa sababu Kifaransa kinasoma "oi" hivyo. Ni o-i-zu-ki. Age-uke, ile kinga ya juu, ni a-ge-u-ke, yenye "g" ngumu. Hata magari tunayoyapanda kila siku hayakupona: Isuzu ni i-su-zu, ina "s" katikati, lakini kwa kuwa Kifaransa hugeuza "s" iliyo kati ya irabu mbili kuwa "z", utasikia watu wakisema "Izuzu". Nayo "e" ya mwisho haifi kamwe: Watanabe huishia na "be" kamili, kama vile karate inavyoishia na "te".

Sauti inayohitaji mazoezi kidogo ni "ts" ya Ohtsuka. Sisi wa Katanga tumezoea "Tsh" ya Tshombe, ambayo ni "ch" tu iliyoandikwa kwa njia ya Wabelgiji, na tunaweza kudhani kwamba "ts" ni jamaa yake. Sivyo. Hapa "t" na "s" zinatoka kwa pamoja, kama katika "gutsinda" ya Kinyarwanda, neno ambalo nadhani huko Kivu mmekwisha kulisikia mara nyingi. Na "r" ya Hironori na ya Jigoro ni ncha ya ulimi kugusa mara moja, karibu sawa na "r" ya "baridi", mbali kabisa na ile ya kooni.

Mpaka hapa Kiswahili kimekubeba. Yako mambo matatu ambayo Kiswahili peke yake hakitakufikisha, nayo nitakuandikia jioni nikitoka kazini.

BabaWaHimbi (Goma)

Mwanangu Katibu, usijitese sana. Mimi ni mtu mzima, na nimeona wageni wengi wakipita Goma. Kila lugha hulichukua jina la mgeni na kulivalisha nguo zake. Sisi tunasema Yohana, tunasema Petro, tunasema Japani, na hakuna aliyekuja kulalamika. Mwaka 1994, wimbi kubwa la wakimbizi kutoka Rwanda lilipotufikia, Kamishna Mkuu wa Umoja wa Mataifa wa wakimbizi alikuwa mama wa Kijapani, Ogata Sadako, aliyeishika kazi hiyo kuanzia 1991 hadi 2000, na baadaye mwaka uo huo wa 1994 walikuja hapa hata askari wa Japani kusaidia shughuli za wakimbizi. Jina la mama huyo tulilisikia redioni siku baada ya siku, tukalisema kama tulivyoweza, na kazi ikaendelea. Nadhani heshima iko katika kumpokea mtu vizuri. Sauti ya jina ni jambo dogo kuliko kiti unachompa.

Mkalimani_Katuba (Lubumbashi)

Mzee wangu, nakuheshimu, na kuhusu kiti tunakubaliana. Lakini Japani ni jina la nchi, na nchi haisimami inapoitwa. Petro naye alikwisha kuwa jina letu; mtoto anayebatizwa kwa jina hilo Goma analijibu kwa sauti iyo hiyo. Mgeni wa Dada Katibu aliitwa mara tatu asijue kwamba ni yeye, kwa hiyo jina halikufanya hata ile kazi yake ya kwanza, ya kumfikia mwenyewe. Tena mfano wako wa Mama Ogata unanisaidia mimi: o-ga-ta, sa-da-ko, majina yote mawili hayana irabu ndefu, hayana "n" ya kufunga, hayana herufi ambayo Kifaransa kinaigeuza. Kila mtu wa Kivu aliyelisema kwa Kiswahili alilisema karibu sawasawa na Mjapani, na ndiyo sababu hamkuona shida yoyote.

Sasa yale matatu niliyoahidi.

La kwanza ni urefu wa irabu, na hili ndilo kubwa kuliko yote. Katika Kiswahili "kata" si "kataa", na "kufa" si "kufaa". Kijapani nacho kinatenganisha maneno hivyo hivyo, na majina pia. Kuna ukoo wa Ono na kuna ukoo wa Oono: wa kwanza ni "uwanda mdogo", wa pili ni "uwanda mkubwa", na tofauti inayosikika ni urefu wa "o" ya kwanza tu. Shida ni kwamba urefu huo huandikwa kwa njia nyingi. Vitabu vya wataalamu huweka kistari juu ya irabu, kama Ōno. Wengine huandika "oh", wengine "ou", na mara nyingi sana, hata kwenye pasipoti, urefu hauandikwi kabisa. "Ohtsuka" wa ukutani kwenu ana "h" ambayo haisomwi. Ni alama tu kwamba "o" inavutwa. Kwa hiyo kwenye karatasi yako ya kusomea usiandike kama walivyoandika wao. Andika kwa Kiswahili: Ootsuka Hironori, Kanoo Jigoroo, Miyagi Choojun. Funakoshi Gichin hana irabu ndefu hata moja, na Mabuni Kenwa vivyo hivyo. Maneno "dojo" na "judo" ambayo mnayatamka kila siku kwa ufupi, kwa Kijapani ni "doojoo" na "juudoo". Hayo mawili, kama Mzee alivyosema, yamekwisha kuwa ya Kiswahili, nami sitamsumbua mtu kwa ajili yake.

Jambo la pili ni "n". Sisi tunaposoma Honda tunakata "Ho-nda", kwa sababu "nda" kwetu ni silabi moja, kama katika "kidonda". Mjapani anakata mara tatu: Ho-n-da. "N" hiyo ina pigo lake yenyewe, nasi tunaijua, maana ni "n" ya "nchi" na ya "nne", ambayo husimama peke yake bila irabu. Kenwa ni Ke-n-wa, mapigo matatu. Gichin ni Gi-chi-n, matatu pia. Ukikuta alama ya ritifaa baada ya "n", kama katika Jun'ichi, itazame kama unavyoitazama ile ya ng'ombe: imewekwa pale ili usiunganishe visivyounganishwa, usije ukasoma "Ju-ni-chi" badala ya Ju-n-i-chi. Karibu na hilo kuna konsonanti mbili zinazofuatana, kama katika Hattori au Sapporo. Hapo unasimama kimya kwa pigo moja kabla ya kuendelea, Ha-t-to-ri, kama mtu aliyeshika pumzi.

La tatu ni mkazo. Kiswahili huweka uzito kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, kwa hiyo bila kufikiri tutasema Funa-KO-shi na Hiro-NO-ri. Kijapani hakigongi silabi kwa namna hiyo. Kina kupanda na kushuka kwa sauti, kiasi kwamba katika matamshi ya Tokyo "hashi" inayoanza juu na kushuka ni vijiti vya kulia, na "hashi" inayoanza chini na kupanda ni daraja. Wewe unayesema Mashi una sikio la mambo haya kutoka kwa mama yako, kwa sababu Mashi ni lugha ya toni. Hata hivyo sikushauri ujaribu kupandisha na kushusha kwa kubahatisha. Toa mapigo yote kwa uzito mmoja na kwa muda mmoja. Wafundishe watoto kwa makofi, kofi moja kwa kila pigo: Fu-na-ko-shi, makofi manne, O-o-tsu-ka, manne, Ji-go-ro-o, manne. Hakuna njia rahisi kuliko hiyo, na nilifundishwa hivyo mimi mwenyewe.

Usishangae ukimsikia mgeni wako akisema "Ootska", kana kwamba "u" imekimbia. Irabu "i" na "u" zikibanwa kati ya konsonanti kavu kama k, s, t, au sh, Wajapani huzinong'ona tu. Ndiyo maana ile ngumi mnayoiita "tsuki", katika vinywa vyao inasikika "tski". Pigo lake bado lipo, limepoteza sauti tu. Usiige jambo hili mpaka umelisikia mara nyingi.

Mwanafunzi_Nguba (Bukavu)

Namshukuru kaka wa Katuba kwa maelezo yake, na naomba kuongeza jambo moja ambalo nimeliona katika masomo yangu ya lugha: hata aliyejua kanuni zote hizi hawezi kuwa na uhakika kwa kutazama maandishi tu. Majina ya Kijapani huandikwa kwa herufi zenye asili ya Uchina, na herufi moja inaweza kusomwa kwa njia kadhaa. Klabu yako yenyewe ina mfano mzuri. Mabuni Kenwa alianzisha mtindo wa Shitoo-ryuu, na jina hilo alilitoa kwa walimu wake wawili, Itosu na Higaonna, kwa kuchukua herufi ya kwanza ya kila jina. Utauliza "shi" iko wapi katika Itosu. Herufi ya kwanza ya Itosu ina maana ya uzi. Katika jina la ukoo inasomwa "ito", lakini inaposomwa kwa njia iliyotoka Uchina ni "shi". Herufi ya kwanza ya Higaonna ni mashariki, nayo kwa njia ya pili husomwa "too". Mabuni alizishika herufi zenyewe akabadilisha sauti zake.

Tena jina Higaonna ni la Okinawa, na Mjapani wa sehemu nyingine, akiona herufi hizo hizo, anaweza kusoma Higashionna. Vivyo hivyo kuna watu wanaoitwa Yamazaki na wengine Yamasaki ambao majina yao huandikwa sawasawa kabisa. Kwa sababu hiyo Wajapani wenyewe huulizana, na fomu zao nyingi zina nafasi ya kuandika jina kwa herufi za kawaida na nafasi nyingine ndogo ya kuonyesha linavyosomwa. Kwa hiyo, Mama Katibu, usione aibu kumwendea mgeni kabla ya sherehe na kumwomba alitamke jina lake mwenyewe. Amelizoea swali hilo kuliko unavyodhani, kwa sababu huulizwa hata na watu wa kwao.

Kuhusu utaratibu, Wajapani hutanguliza jina la ukoo, kisha jina la mtu. Umefanya sawa kuandika Funakoshi Gichin, maana Funakoshi ndio ukoo. Tatizo ni kwamba kwa muda mrefu, walipoandika kwa herufi za Kilatini, waligeuza kufuata desturi ya Ulaya. Tangu tarehe 1 Januari 2020 serikali yao hutanguliza ukoo hata kwa herufi za Kilatini katika hati zake, na mara nyingi ukoo huandikwa kwa herufi kubwa zote ili msomaji asichanganyikiwe. Lakini watu binafsi bado hufuata njia zote mbili, kwa hiyo hilo nalo linaulizwa. Ukimwita kwa heshima, tumia ukoo: Inoue-san, au, kama ni mwalimu wa karate, Inoue-sensei. Hizo "san" na "sensei" huwekwa baada ya jina, na mtu hajitaji mwenyewe kwa "san".

BabaWaHimbi (Goma)

Nimesoma yote, na nimewasomea wajukuu wangu. Hoja ya kwamba nchi haisimami inapoitwa imeniingia. Jana nilipita kwenye gereji ya jirani nikawasikia vijana wakisema "Izuzu" mara kumi, na kwa mara ya kwanza masikio yangu yaliona kasoro. Swali langu ni moja: ikiwa mgeni ni mwanamke, kuna alama yoyote katika jina ya kunijulisha, ili nisimwite Bwana?

Mwanafunzi_Nguba (Bukavu)

Mzee, "ko" mwishoni mwa jina la mtu, kama Sadako au Keiko, kwa kawaida ni la mwanamke. Lakini wapo wanawake wengi wasio na mwisho huo, na yapo majina yanayotumiwa na wote, kama Hikaru au Aoi. Ubora wa "san" ni kwamba haibagui mume na mke, hivyo ukiwa na shaka itumie hiyo. Na Aoi ni a-o-i, mapigo matatu. Kifaransa kingeimeza yote ikawa kitu kingine. Keiko, kwa upande wake, huandikwa "ei", lakini wengi wao huivuta kuwa Keeko.

KatibuWaKadutu (Bukavu)

Nashindwa namna ya kuwashukuru. Jana jioni baada ya mazoezi niliwaketisha watoto, tukapiga makofi majina yote, na nilishangaa kuona wadogo ndio waliokuwa wepesi zaidi, labda kwa sababu Kifaransa hakijawazoea vinywa. Binti mmoja wa miaka saba alikuwa wa kwanza kuisimamisha "n" ya Gichin. Mwalimu alikuja akasimama mlangoni, kisha akaniomba tuanze tena kutoka mwanzo ili naye ajifunze.

Karatasi yangu mpya nimeiandika hivi, naomba mnisahihishe kabla sijaipeleka kupigwa chapa: Fu-na-ko-shi Gi-chin, Ma-bu-ni Ken-wa, Mi-ya-gi Choo-jun, Oo-tsu-ka Hi-ro-no-ri, Ka-noo Ji-go-roo. Kwa walimu wa Mabuni nimeongeza I-to-su An-koo na Hi-ga-o-na Kan-ryoo. Na kwa mgeni wetu: I-no-u-e-san.

Mkalimani_Katuba (Lubumbashi)

Umefanya vizuri sana. Nina marekebisho matatu. Itenge kila "n" ya kufunga, ili watoto wasiiunganishe na silabi nyingine: Gi-chi-n, Ke-n-wa, Choo-ju-n, A-n-koo. Higaonna ana "n" mbili, ya kwanza ikiwa na pigo lake: Hi-ga-o-n-na, makofi matano. Na katika Kanryoo, "ryoo" inaanza kwa "ry" iliyoshikana, kama "vy" ya "vyombo", wala si "ri-yoo", kwa hiyo makofi ni manne tu: Ka-n-ryo-o. Kwenye irabu zote ndefu piga makofi mawili bila kuikata sauti.

Jina la mgeni liko sawa.